Samaki Wakihema Alfajiri: Namna ya Kuokoa Bwawa Lililoishiwa Oksijeni

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri simu iliita. Alikuwa kijana mmoja wa Misungwi niliyemsaidia kupima eneo la bwawa lake la kwanza. Hakusubiri nikae sawa kitandani.

"Shikamoo kaka. Samaki wote wako juu. Wamefungua midomo, bwawa zima linatoa mlio kama mvua ndogo."

"Marahaba. Jana uliwalisha saa ngapi?"

"Saa moja usiku. Nilichelewa dukani."

"Na samadi?"

Akanyamaza kidogo. "Viroba vinne. Juzi."

Mlio huo wa mvua ndogo naujua. Ni midomo ya sato mia kadhaa ikifyonza maji ya juu kabisa, unene wa ukucha, yale yanayogusana na hewa. Oksijeni iliyobaki iko hapo tu. Ukiusikia ukiwa bado na giza, una saa moja au mbili za kufanya kazi. Ukiamka jua limeshapanda, huenda kazi iliyobaki ni ya kuchimba shimo na kuzika.

Mwongozo huu ni wa wanaofuga sato, ambaye wengine mnamwita perege, kwenye mabwawa ya udongo au ya nailoni. Wenye vizimba ziwani nitawafikia huko mbele. Bwawa langu mwenyewe la kwanza lilikufa hivihivi, nami nikaenda mbio kwa mtendaji kumshtaki jirani kwamba kamwaga sumu. Afisa uvuvi aliyekuja, mzee wa maneno machache, aliniuliza swali moja: waliotangulia kufa ni wakubwa au wadogo? Wakubwa, nikasema. Akatazama rangi ya maji, akatazama banda la kuku nililolijenga juu ya bwawa, akaniambia nikamwombe jirani msamaha.

Elewa kwanza usiku wa bwawa

Lita moja ya hewa unayovuta ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita moja ya maji ya bwawa yenye joto la nyuzi 25, huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria ambako ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, yakishiba kabisa yana miligramu 7 hivi. Joto likifika nyuzi 30 inabaki 6 na nusu. Kwa hiyo samaki anaishi kwa akiba ndogo tangu mwanzo, na maji yanapozidi kupata joto akiba hiyo inapungua wakati ule ule ambao mwili wake unadai zaidi.

Mchana mwani, yaani ule ukijani wa maji, hutumia jua kutengeneza oksijeni. Bwawa la kijani saa tisa alasiri linaweza kuwa na oksijeni mara mbili ya kiasi ambacho maji yangeshika bila mwani. Anayepima saa hiyo huenda nyumbani akipiga mluzi. Jua likizama utengenezaji unakoma, ila ulaji hauna usiku: samaki wanavuta, bakteria wa kwenye tope wanavuta, na mwani wenyewe unavuta. Wengi hudhani samaki ndio wanaomaliza hewa. Katika bwawa la kijani lenye tope, mara nyingi sehemu kubwa humalizwa na mwani pamoja na bakteria wanaoozesha mabaki. Samaki ni walaji wadogo tu wanaolipa deni la wengine.

Kiwango hushuka usiku kucha na kufika chini kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Ndiyo maana samaki hufa alfajiri, ingawa kifo chenyewe kilianza kupikwa jana na juzi.

Kuna hali tatu zinazopaswa kukunyima usingizi. Ya kwanza ni mawingu mazito siku mbili au tatu mfululizo: mwani haukupata jua la kutosha, kwa hiyo bwawa linaingia usiku likiwa na akiba pungufu. Ya pili ni mvua kubwa ya baridi baada ya siku za joto kali na utulivu. Maji baridi ni mazito, yanazama, na yanayapandisha juu yale ya chini yaliyokaa na tope bila hewa. Ya tatu ni mwani kufa kwa ghafla. Unaona maji yaliyokuwa kijani yamegeuka kahawia au kijivu ndani ya siku moja, wakati mwingine na harufu ya yai bovu. Hapo umepoteza mtengenezaji wa oksijeni, na mzoga wake umekuwa chakula cha bakteria wanaoitafuna hiyo hiyo iliyobaki.

Hatua ya kwanza: pima saa mbaya, mahali pabaya

Kama una kipimo cha oksijeni, kitumie alfajiri kabla jua halijatoka, kwenye kina kirefu zaidi cha bwawa, kiganja kimoja au viwili juu ya tope. Kupima pembeni juu juu ni kujipa moyo. Kwa sato, mimi nasoma namba hivi:

Miligramu 5 kwa lita na kuendelea: lala.
Kati ya 3 na 5: wanaishi, lakini punguza chakula na ufuatilie kila siku.
Kati ya 2 na 3: usilishe kabisa leo, andaa pampu na mafuta.
Chini ya 2: ni dharura, anza kazi sasa.
Chini ya 1: wakikaa hapo kwa saa kadhaa utaanza kuokota.

Sato ni mvumilivu kuliko samaki wengi, jambo ambalo ni baraka na mtego. Anavumilia hewa kidogo bila kufa, nawe unaona bwawa liko salama. Kumbe kila alfajiri ya namna hiyo inamkata hamu ya kula na kumdumaza, na wiki moja au mbili baadaye unaona vidonda na magonjwa yasiyoeleweka yalikotoka. Kambale ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa ya nje, kwa hiyo bwawa linaloua sato linaweza kumwacha kambale akizunguka kama hakuna kilichotokea. Ila vifaranga wa kambale wachanga bado hawana kiungo hicho, usiwategemee.

Huna kipimo? Wengi hatukuanza nacho. Chukua kifuniko cheupe cha ndoo ya rangi, kitoboe katikati, kifunge jiwe chini yake na kamba juu, kisha weka fundo kila sentimita 10. Kishushe mchana jua likiwa juu, hadi kisionekane. Kikipotea kati ya sentimita 25 na 40, ukijani ni wa kutosha. Kikipotea kabla ya sentimita 20, una mwani mwingi mno na usiku wake utakuwa mrefu. Hata kifuniko ukikosa, ingiza mkono wima ulionyooka: kiganja kikitoweka maji yakiwa yamefika kwenye kifundo cha mkono tu, kuna tatizo, kikitoweka maji yakikaribia pale unapokunjia mkono, sawa. Hakikisha tu kwamba kinachofifisha maji ni ukijani, maana bwawa lililochafuka udongo baada ya mvua ni habari nyingine.

Hatua ya pili: tofautisha kukosa hewa na mambo mengine

Sato huja juu kwa sababu nyingi. Jioni anakuja kutafuta chakula, na kivuli chako kikipita anatimka. Aliyekosa hewa hatimki vizuri. Rusha jiwe dogo: atazama kidogo, kisha ndani ya muda mfupi yuko juu tena, mdomo wazi, mwili ukiwa umeinama kichwa kikielekea juu. Ukimkaribia na tochi unaona vifuniko vya mashavu vikifunguka na kufunga haraka haraka, kama mtu aliyepanda mlima akiwa na gunia.

Angalia wamekusanyika wapi. Wakijazana kwenye bomba linaloingiza maji, wanakuambia wenyewe shida iko wapi. Angalia konokono: wakipanda kwenye majani na kingo kwa wingi, chini hakukaliki. Yangeyange pia wanajua. Bwawa lenye ndege kumi pembeni alfajiri, wakiokota bila kuhangaika, halihitaji mtaalamu.

Halafu swali la yule mzee. Oksijeni ikipungua, mara nyingi wakubwa ndio hutangulia, kwa kuwa wanahitaji nyingi zaidi, na wadogo wananufaika zaidi na ule utando mwembamba wa juu. Vifo hutokea kwa mkupuo, usiku mmoja, na samaki wengi hukutwa midomo wazi na mashavu yametanuka. Ugonjwa huja polepole: watatu leo, saba kesho, wana vidonda au macho yaliyotoka. Sumu haichagui saa wala umri, na huwa inaua na vyura pamoja na wadudu. Na kama samaki wanahema mchana kweupe wakati jua limewaka na maji ni ya kijani, fikiria amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na mabaki yanayooza, au matamvua yaliyoharibika, yaani viungo vya kupumulia vya samaki, kabla ya kulaumu oksijeni.

Hatua ya tatu: alfajiri yenyewe

Nitaeleza kama nilivyomwelekeza yule kijana kwenye simu, kwa mpangilio ule ule.

Usimwage chakula. Watu wengi, wakiona samaki juu, hudhani wana njaa. Kula kunaongeza mahitaji ya oksijeni kwa saa kadhaa baadaye, na chakula kisicholiwa kinaoza. Usimwage chokaa pia. Ikizidi inayasukuma maji kuelekea upande wa magadi na kuifanya amonia iwe kali zaidi. Na usiingize wavu ili "uwaokoe walio hai". Samaki anayekurupuka anatumia hewa ambayo hana, na miguu yenu inatibua tope.

Washa pampu. Hata hii ndogo ya petroli ya kumwagilia nyanya inatosha kwa bwawa la familia. Mdomo wa bomba la kuvuta ufunge kwenye dumu tupu la lita tano ili uelee karibu na juu, usinyonye tope. Bomba la kutoa lielekeze hewani ili maji yarudi bwawani kwa kutawanyika. Kijana wangu hakuwa na kichwa cha kutawanyishia, akatoboa chupa ya plastiki kwa msumari wa moto na kuifunga mwishoni mwa bomba. Maji yalitoka kama manyunyu ya bafuni. Hewa huingia kwenye maji kupitia uso wa matone, kwa hiyo matone mengi madogo yanayoanguka kutoka juu hufanya kazi kuliko mkondo mmoja mnene unaotumbukia.

Elekeza manyunyu sehemu moja, kona moja. Huwezi kulitibu bwawa lote kwa pampu moja, lakini unaweza kutengeneza chumba cha wagonjwa. Samaki watakifuata wenyewe. Ndani ya nusu saa utawaona wamejaa hapo.

Kama una maji mapya, yaingize. Maji ya mto au ya mfereji yanayotiririka kwenye mawe yako vizuri. Ya kisima kirefu yana tatizo: mara nyingi hutoka ardhini na oksijeni kidogo mno, wakati mwingine hakuna kabisa. Yapitishe kwanza kwenye beseni lililotobolewa, au yaache yaporomoke juu ya mawe na mabati. Ukiwa na bomba la kutolea maji, toa ya chini, yaliyokaa na tope, huku unaongeza juu. Kutoa maji ya juu huku unaingiza juu ni kuwapitisha wageni sebuleni bila kufika jikoni.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, maana nimeona mambo. Usiku wa dharura watu huwa na haraka, na kisima kikiwa kimeshuka maji mtu anashawishika kuishusha pampu ya petroli ndani ya kisima ili ivute vizuri. Usifanye. Moshi wa injini una gesi isiyo na harufu inayoiondoa oksijeni kwenye damu, na shimoni haina pa kutokea. Anayeshuka anaanguka kimya, na wa pili anayeshuka kumtoa anaanguka juu yake. Injini ikae juu, bomba tu ndilo lishuke. Hata kisima kisicho na injini, kama kilikuwa kimefunikwa muda mrefu, usishuke peke yako wala bila kamba ya kukuvuta.

Bila pampu wala umeme, bado una ndoo na watu. Simameni kingoni, msiingie ndani, mchote na kumwaga kutoka juu ya kichwa, kona moja tu. Ni kazi ngumu yenye faida ndogo, lakini ndogo hiyo inaweza kuwavusha wazazi wako wa mbegu hadi jua litoke.

Usizime pampu kwa sababu kumepambazuka. Mwani unahitaji mwanga wa kutosha kabla haujaanza kulipa. Endelea hadi saa mbili au saa tatu, na siku ya mawingu endelea zaidi. Dalili ya kuacha ni samaki kurudi chini wenyewe na kubaki huko baada ya kuzima kwa majaribio ya dakika kumi.

Kijana alipoteza samaki sitini na wawili. Alikuwa amepandikiza mia tisa.

Hatua ya nne: siku zinazofuata

Toa mizoga yote asubuhi hiyo hiyo, pamoja na ile iliyozama. Kesho yake itakuwa inakula oksijeni ya walio hai. Ifukie mbali na maji. Aliyekutwa anaelea hujui amekaa saa ngapi, basi usimpeleke sokoni.

Siku ya kwanza hakuna chakula. Ya pili na ya tatu, nusu ya kawaida, na upite alfajiri zote tatu na tochi, kwa sababu bwawa lililoanguka mara moja huanguka tena kwa urahisi. Badilisha maji taratibu, hadi theluthi moja kwa awamu, kila mara ukitoa ya chini. Samadi simamisha.

Hatua ya tano: chakula na samadi

Hapa ndipo penye mzizi, na hapa ndipo tunapobishana sana na wafugaji.

Lisha kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mapema kuliko hapo oksijeni bado haijapanda. Baada ya hapo samaki anaingia usiku akiwa anameng'enya, na mwili unaomeng'enya unavuta hewa nyingi. Kijana wangu aliwalisha saa moja usiku, yaani aliwaongezea mahitaji saa ile ile utengenezaji unakoma. Akichelewa dukani, afadhali siku hiyo wasile. Sato kulala njaa usiku mmoja si msiba.

Lisha kile wanachokimaliza ndani ya dakika 15. Chakula cha kuelea kina bei, lakini kinakuonyesha kilichobaki. Pumba tupu huzama, na unayemlisha unamlisha bakteria. Asubuhi ya mawingu mazito nusu inatosha. Na wakikataa kula, sikiliza. Kukosa hamu ya kula ni dalili inayotangulia kuhema kwa siku moja au mbili, na ni dalili ya bure.

Samadi nayo ina kazi yake: inarutubisha maji, mwani unaota, sato anakula mwani. Lakini kila kiroba cha kinyesi kinachoingia kinaozeshwa, na kuozesha kunatumia oksijeni. Nenda Mto Mara uone kitu hicho kwa ukubwa wake. Kule kuna zaidi ya viboko 4,000, wanakula nyasi nchi kavu usiku na kujisaidia majini mchana. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walionyesha kwamba madimbwi ya viboko huishiwa oksijeni wakati mto umepungua, kisha mvua ikishuka inayakumba maji hayo yote na kuyasukuma chini ya mto, na samaki wanakufa kwa wingi bila mtu kumwaga sumu yoyote. Banda langu la kuku lilikuwa kiboko wangu.

Kwa hiyo: samadi iliyokauka, kidogo kidogo, ndani ya uzio wa fito kwenye kona ili uweze kuitoa. Kifuniko cheupe kikipotea kabla ya sentimita 25, acha. Banda la kuku juu ya bwawa mimi silipendi, kwa sababu kuku hawezi kuambiwa leo asijisaidie. Kama umeshalijenga, weka sakafu ya kuzuia kinyesi ili wewe ndiye uamue kinachoingia.

Hatua ya sita: idadi na tope

Bwawa la udongo lisilo na mashine ya kuingiza hewa, samaki wawili hadi watatu kwa mita moja ya mraba. Anayekuuzia vifaranga atakuambia kumi. Yeye anauza vifaranga. Kina kiwe mita moja hadi moja na nusu. Punguza miti ya upande upepo unakotoka, maana upepo unaochafua uso wa maji usiku ni pampu isiyotumia mafuta. Majani yanayoelea yasifunike zaidi ya kona. Ukishavuna, kausha bwawa wiki mbili hadi tope lipasuke, lichote, lipeleke kwenye migomba.

Wenye vizimba ziwani

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba kama 68,800 na kina kisichozidi mita 80 na kitu, kwa hiyo mtu hudhani hewa haiwezi kukosekana. Lakini nalo lina tope lake na usiku wake, ila usiku wake unachukua miezi. Kati ya Septemba na Aprili hivi maji ya juu yanapata joto na kukaa juu ya yale baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Ya chini hayaguswi na hewa, huku mwani uliokufa ukishuka na kuozea huko. Mtafiti Jack Talling alipopima ziwa mwaka 1960 na 1961, upungufu wa oksijeni huko chini ulikuwa mdogo kuliko alioukuta mtafiti mwingine, Robert Hecky, na wenzake miaka 30 baadaye, ambao waliona maji yasiyo na hewa yamepanda na kukaa muda mrefu zaidi. Katikati hapo mashamba, miji na misitu iliyokatwa vilikuwa vimemwaga rutuba ziwani. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi inavuma na kulichanganya ziwa upya.

Hatari kwa kizimba ni pale upepo mkali unaposukuma maji ya juu kuelekea upande mmoja wa ghuba. Upande wa pili yale ya chini yanapanda kuziba nafasi. Samaki wa porini anakimbia. Wa kwenye kizimba hana pa kukimbilia. Mapema mwaka 2021 sangara wengi walikutwa wamekufa kwenye fukwe za upande wa Uganda, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa ni hewa iliyopungua majini baada ya dhoruba. Sangara haivumilii hali hiyo kama sato, sembuse kamongo ambaye hupumua kwa mapafu. Mwishoni mwa 2022 wenye vizimba upande wa Kisumu nao waliamka na kukuta vizimba vimejaa mizoga.

Basi, ukichagua mahali, kataa ghuba iliyofungwa, hata kama ni karibu na nyumbani na ulinzi ni rahisi. Tafuta mkondo. Chini ya kizimba kubaki mita kadhaa za maji hadi kwenye tope, ili kinyesi kisirundikane chini ya nyavu. Acha nafasi kati ya kizimba na kizimba, na uviweke kwa mshazari ili kimoja kisinywe maji yaliyokwishatumiwa na kingine. Sugua nyavu, wavu ulioota mwani hauruhusu maji kupita, na nimeona kizimba kilichokosa hewa huku maji ya nje yakiwa mazima. Gugu maji likisukumwa na upepo na kuzunguka vizimba, liondoe siku hiyo hiyo.

Pima kila alfajiri kwenye kina cha wavu, juu na chini. Zungumza na wavuvi wa dagaa, wao wanatoka usiku na wanaona rangi ya maji ikibadilika kabla yako. Wakikuambia furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wamepanda juu kwa wingi au maji yananuka, simamisha chakula hapo hapo, na kama una boti yenye injini ya kutosha vuta vizimba polepole kuelekea maji ya wazi. Waliofikia uzito wa soko wavune mapema, kabla ya miezi ya hatari. Kizimba kilichopunguzwa nusu kina nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Unaposafirisha vifaranga

Vifaranga wengi hufa kwa kukosa hewa kabla hata hawajaliona bwawa. Wasile siku moja kabla ya safari, maana mfuko ukishafungwa kinyesi chao kitaoza humo humo. Mfuko wa nailoni ujazwe maji theluthi moja tu, hewa ya ndani ikamuliwe nje, kisha ujazwe oksijeni kutoka kwenye mtungi; mitungi ya mafundi wa kuchomelea ndiyo tunayotumia wengi, ila ushike bomba la oksijeni, siyo la gesi ya kuwakia, na asiwepo mwenye sigara karibu. Funga mpira mara mbili. Safiri usiku au alfajiri, mifuko ikiwa kivulini, imelazwa ubavu ili maji na oksijeni vigusane kwa eneo kubwa.

Ukifika usimimine. Acha mfuko uelee juu ya bwawa dakika 15 hadi 20 joto lilingane, ufungue, uingize maji ya bwawa kikombe kimoja kimoja, kisha uulaze uache watoke wenyewe. Wanaobaki chini ya mfuko wakiwa ubavu, wahesabu na uandike. Kesho alfajiri rudi na tochi uhesabu tena pembeni mwa bwawa, umpelekee muuzaji namba zote mbili.